Zimeni Kamera Tusali: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Dini

Kwenu maaskofu, mapadre, wachungaji, masheikh, maimamu na wazee wote mliokabidhiwa roho za watu,

Shikamooni.

Nimekaa nyuma ya kamera ya ibada kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kurusha ibada mubashara, kukata vipande vifupi vya mahubiri na kuvipandisha mitandaoni, kujibu maoni, na kila Jumatatu asubuhi kuwapelekea viongozi ripoti: waliotazama ni wangapi, walitazama dakika ngapi, wafuasi wameongezeka au wamepungua. Mwaka huu niliacha. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Niliacha kwa sababu siku moja, nikiwa nakunja nyaya baada ya ibada, nilijiuliza mara ya mwisho nilisali lini humo ndani, nikakosa jibu. Mwili ulikuwepo kila Jumapili, ila macho yalikuwa kwenye kioo na moyo kwenye hesabu.

Ninaandika nikiwa Mkristo. Nimewataja pia viongozi wa Kiislamu kwa sababu rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu msikitini hunisimulia mambo yaleyale. Kile ninachokiita utulivu wa moyo, yeye hukiita khushui, na aliwahi kunieleza kwamba Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisisitiza sana kuhudhuria kwa moyo ndani ya swala. Maneno yetu yanatofautiana. Kilichopotea ni kilekile.

Mmehubiri sana juu ya hatari za intaneti. Najua, kwa kuwa mahubiri hayo nimeyarekodi mwenyewe. Karibu yote yanahusu uchafu: picha za ngono, kamari, matapeli, kufuru. Ni kweli tupu, na simwombi yeyote apunguze ukali. Nimeona ndoa zikivunjika kwa ajili ya picha hizo. Lakini uchafu kila mtu anajua kuwa ni uchafu. Anayeutazama hujificha, na kule kujificha kwenyewe kunaonyesha kwamba dhamiri yake haijafa. Hatari ninayotaka kuwaeleza haimfanyi mtu ajifiche. Inaingia hadi mstari wa mbele ndani ya simu iliyofunguliwa ukurasa wa Biblia au wa Qurani. Inakula uwezo wa mtu wa kuwepo, yaani kukaa mbele za Mungu, au mbele ya binadamu mwenzake, na moyo wake wote ukawa pale.

Hali hii ilitengenezwa, na baadhi ya walioitengeneza wamekiri. Mwaka 2006 Mmarekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, habari nyingine zinajileta zenyewe, na kidole hakipati mahali pa kusimama. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza mbele ya watu kwamba swali lililowaongoza wajenzi wa mitandao hiyo lilikuwa namna ya kumeza muda na usikivu wa mtu kwa kadiri inavyowezekana, na kwamba walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu. Akaongeza kuwa Mungu peke yake ndiye ajuaye mambo hayo yanazifanya nini bongo za watoto wetu. Maneno hayo yamenikaa rohoni. Mtu aliyeshiriki kujenga mtambo anamtaja Mungu kuwa ndiye ajuaye madhara yake, nasi tuliomo nyumbani mwa Mungu tunafanya vikao vya kuongeza wafuasi humohumo.

Namna mtambo huo unavyofanya kazi si siri. Karne iliyopita mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba mnyama anayepata chakula kwa kubahatisha, mara hii baada ya kugusa kitufe mara tatu, mara nyingine baada ya kukigusa mara thelathini, huendelea kukigusa hata chakula kikikoma, kwa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupata kila mara. Mashine za kamari zimejengwa juu ya hilo. Simu vilevile: unaifungua usijue kama utakuta kitu au patupu, na kutojua huko ndiko kunakokurudisha. Sasa mchukue mtu aliyefunzwa hivyo kuanzia anapoamka, umwambie apige magoti. Sala haina kitufe. Anayesali anaweza kukaa miezi bila kuhisi lolote, na wazee wa imani zote wametufundisha kwamba miezi hiyo mikavu ndiyo inayomkomaza mtu. Moyo uliozoea kulipwa papo hapo utaivumilia vipi? Hauasi wala haukani imani, unachoka tu, na mkono unakwenda mfukoni wenyewe.

Sidai kwamba simu ndiyo iliyoanzisha udhaifu huu. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake. Watu waliachwa chumbani dakika 15, kila mmoja peke yake, bila simu wala kitabu, wakiwa na mawazo yao tu na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikuwa wamekwisha kusema wangelipa fedha kuikwepa. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Ndivyo tulivyo: ukimya unawatisha wengi wetu kuliko maumivu. Na Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri anayemfanya mtawa aone jua limegoma kusogea, achungulie dirishani kila mara, atamani kuwa popote isipokuwa pale alipo. Nilipoyasoma nilijiona mwenyewe. Ila dirisha la Evagrius lilionyesha mchanga. Akichungulia hakuona jipya, akarudi kwenye zaburi yake. Dirisha letu lina mtu nyuma yake anayelipwa kila tunapochungulia, na kila siku anatafuta njia mpya ya kutufanya tuchungulie.

Hayo ni ya wenye mitandao. Barua hii nimewaandikia ninyi.

Mitandao mikubwa inayorusha video humpa mwenye ukurasa mchoro unaoonyesha watazamaji walibaki wapi na waliondoka wapi. Mchoro wetu ulikuwa na shimo mahali palepale kila Jumapili: dakika tatu za ukimya baada ya somo. Watu wa mtandaoni hawakujua wafanye nini na ukimya, wakaondoka. Niliupeleka mchoro ule kikaoni. Hakuna aliyesema tuufute ukimya. Ilisemwa tu kwamba kinanda kipigwe polepole pale, pasiwe na pengo. Baada ya muda dakika tatu zikawa moja. Kabla mwaka haujaisha, mahali pale pakawekwa matangazo. Waumini mia kadhaa waliokuwa wameketi ndani ya jengo, ambao mchoro haukuwahesabu, walinyang'anywa dakika tatu pekee za wiki nzima ambazo hakuna mtu aliyekuwa akiwasemesha. Mungu hakumjia Eliya katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto. Ilikuja sauti ndogo, ya utulivu. Sisi tulipiga kinanda juu yake. Na mchoro niliupeleka mimi.

Mahubiri nayo yalibadilika. Ili kipande kisikike mtandaoni, sekunde tatu za kwanza lazima zimshike mtazamaji, kwa hiyo nilikuwa nikitafuta sentensi kali, naikata, naiweka mbele. Nikagundua kwamba laana husafiri kuliko toba. Mhubiri akimdhihaki mhubiri mwenzake, kipande kinaruka usiku huohuo. Akisema "nimekosa, nisameheni", kinalala pale ulipokiweka. Mwanzoni siri hiyo ilikuwa yangu. Baadaye mhubiri mwenyewe aliijua, maana ripoti za Jumatatu alizisoma. Nikaanza kumwona akiitafuta kamera kwa macho kabla ya kusema jambo zito. Simhukumu. Mtu yeyote akipewa kila wiki hesabu ya maneno yake yapi yamependwa, atayasema hayo zaidi. Lakini nabii aliyesubiri hesabu kabla ya kunena, mimi simkumbuki.

Kisha kuna yule mama. Alikuja mbele siku moja wakati wa maombi, akapiga magoti, akalia kwa sauti. Akataja mambo ya nyumbani kwake ambayo mtu hayataji ila anapokuwa amesahau kwamba kuna watu. Hiyo ndiyo sala tunayoitafuta miaka yote, mtu kusahau kwamba anatazamwa. Mimi niliivuta kamera karibu. Siku ya pili nilikata sekunde arobaini, nikaweka muziki wa huzuni chini yake, nikapandisha. Kilikwenda mbali kuliko kipande chochote nilichowahi kutengeneza. Wengine waliandika "amina", wengine walicheka namna anavyolia, wengine walimjua na kuanza kueleza habari za mumewe. Mwanawe alioneshwa na wenzake shuleni. Wiki mbili baadaye mama yule alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ni wewe uliyenipiga picha?" Nikasema ndiyo. Hakusema neno jingine. Sikumwona tena.

Yesu alifundisha kwamba anayetaka kusali aingie chumba chake cha ndani, afunge mlango, asali mbele za Baba aliye sirini. Sisi tuliubomoa ukuta wa chumba cha ndani cha mtu bila kumwomba ruhusa. Na si sisi tu. Pitieni kurasa za nyumba za ibada popote duniani muone watu wakianguka, wakitolewa mapepo, wakiungama, wagonjwa wakiwekewa mikono, watoto wakilia, nyuso zote wazi. Mambo hayo tumeyaita ushuhuda, nasi hatukuwauliza wenyewe kama wanataka kushuhudia.

Kuna usiri mwingine unaovuja bila kamera. Mnapowaelekeza waumini kupakua programu za sala, za mistari ya siku, za kibla na nyakati za swala, mmewahi kuuliza zinapeleka wapi habari zao? Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Lakini fikirini, mtu anauliza kibla kiko upande gani, na jibu lake linageuka bidhaa. Mkishindwa kulichunguza jambo hili wenyewe, mtafuteni muumini mwenye ujuzi awasaidie. Hakuna kusanyiko lisilo na kijana wa namna hiyo, naye mara nyingi anasubiri kuombwa.

Sasa imekuja mashine inayojibu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyokuwa ikirudisha maneno ya mtu kwa njia ya maswali, basi. Katibu wake, ambaye alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, aliongea nayo kidogo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Weizenbaum alishtuka, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliitumia kuonya. Programu ile ilikuwa duni sana ukiilinganisha na zinazoandika leo kwa lugha laini, zinazokumbuka ulichosema jana na kukupa pole saa tisa usiku. Juni 2023, mjini Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada ya dakika 40 iliyoandaliwa kwa sehemu kubwa na ChatGPT, programu ya akili bandia. Mwaka 2024 kanisa moja la mjini Lucerne, Uswisi, liliweka ndani ya kizimba cha maungamo picha ya Yesu inayojibu kwa akili bandia, na yakarekodiwa mazungumzo yapata 900. Waliofanya jaribio hilo walisema wazi kwamba hayo si maungamo, wakawaomba watu wasitoe siri zao. Nawaamini. Lakini mtu aliyeingia mle na mzigo wake alisikia alichohitaji kukisikia, sauti inayomjibu.

Vatikani ilitoa waraka Januari 2025 kuhusu akili bandia, ikaonya kwamba kuweka kitu kilichotengenezwa na binadamu mahali pa Mungu ni ibada ya sanamu. Naliunga mkono neno hilo. Ila ningeomba tuulize na swali linalotangulia: kwa nini mtu anaongea na mashine saa tisa usiku? Wengi wao walijaribu kwanza kuongea na mtu. Walipiga simu ikajibiwa na msaidizi. Waliambiwa waandike ujumbe. Walisubiri baada ya ibada, kiongozi akawa anarekodi salamu za mtandaoni. Mashine haimchoki mtu, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu pia haimpendi, haiwezi kumkatalia kwa machozi, haitafunga kwa ajili yake, haitamkumbuka kaburini pa mama yake. Anayeungama anahitaji uso wa mtu anayeweza kushtuka na bado asiondoke. Uso huo mnao ninyi.

Sitaki mnielewe vibaya. Mwaka 2020, milango ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, kamera ile ilikuwa daraja kweli. Nilipokea ujumbe kutoka kwa mzee asiyeweza kuinuka kitandani, akisema kwamba kwa miaka mingi hakuwa amesikia wimbo wa kusanyiko lake. Kwa ajili ya mzee huyo ningerudi kushika kamera kesho. Mgonjwa, mfungwa na aliye mbali wasikatiwe. Wao lakini hawahitaji muziki wa huzuni wala vipande vya sekunde arobaini. Wanahitaji ibada ileile tunayoipata sisi, pamoja na ukimya wake, na baada yake mtu wa kuwatembelea.

Ninachoomba ni kidogo. Rudisheni dakika zile tatu, na kinanda kinyamaze. Kamera itazame madhabahu au mimbari, isiwageukie watu wanaosali, na mtu anapokuja mbele na machozi yake taa ya kurekodi izimwe, bila kujadiliana. Acheni kusoma ripoti ya Jumatatu, hata kama ni kwa mwaka mmoja tu, mwone mahubiri yenu yatakuwaje. Ninyi wenyewe muwe wa kwanza kuacha simu nje ya mlango; waumini wanawaona mnapozichungulia wakati kwaya inaimba. Na watoto wasipewe kioo ili wanyamaze wakati wa ibada. Australia imeweka sheria, iliyoanza kutumika Desemba 2025, ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Sijui itafanikiwa kiasi gani. Ila serikali imethubutu kuwaambia wenye mitandao hapana, na sisi wenye zaburi isemayo "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu" bado tunaunda akaunti za darasa la watoto.

Lipo ombi moja ambalo si la wote, ni la wale niliowatumikia, nao wakisoma watajijua. Kile kipande cha mama yule bado kipo. Niliomba mara mbili kifutwe nilipokuwa bado nina kazi, nikaambiwa kinawagusa wengi. Nilipoacha nilikabidhi nywila zote, kwa hiyo mkono wangu haufiki tena. Leo asubuhi, kabla ya kuandika barua hii, nilifungua kuangalia. Mtu alikuwa ameweka maoni mapya usiku, ya kucheka. Namba ya kipande iko kwenye orodha niliyoiacha ofisini, mstari wa juu kabisa, kwa kuwa tulipanga orodha ile kwa idadi ya watazamaji. Kukifuta ni kazi ya dakika moja. Nawasihi kifutwe leo, kisha mmoja wenu aende nyumbani kwa mama yule bila simu, akamwombe radhi. Akikubali na mimi niende, nipo.

Ni mimi mwanenu,
aliyekuwa mpiga picha wa ibada